Jino la kupandikiza likianza kucheza

Pole sana, dada. Umesema jino ulilopandikizwa miezi 4 iliyopita linacheza na fizi inatoa usaha. Lingecheza tu, ningesema labda ni skrubu inayoshikilia jino bandia juu ya kipandikizi imelegea, kazi ndogo. Huo usaha ndio unaonitia shaka: huenda kuna maambukizi, au mfupa wa taya haukushikana na titani, yaani chuma cha kipandikizi kilichowekwa ndani yake. Mimi pia nilipandikizwa likanisumbua: langu lilitolewa, mfupa ukaachwa upone miezi kadhaa, ndipo nikawekewa jingine. (Mfuko uliumia kuliko fizi!)

Kapige eksirei wiki hii, kwa aliyekupandikiza au kliniki ya meno Muhimbili. Kama una kisukari au unavuta sigara, usimfiche daktari. Antibayotiki za duka la dawa hazitalishikiza. Ukivimba shingo au kupata homa, nenda leo leo.