Kwa mgumu (mpagazi) anayepanda Kilimanjaro mara ya kwanza

Mdogo wangu, mabega utayazoea. Safari ya kwanza yatakuuma usiku kucha, ya pili yatauma kidogo, ya tatu utasahau kama uliwahi kulalamika. Kinachowamaliza vijana wapya kwenye upagazi ni aibu. Mtu anatetemeka kwa baridi, kimya. Kichwa kinampasuka, kimya. Mzigo umezidi, kimya vilevile, kwa kuwa ameitwa mgumu na anadhani mgumu hasemi.

Nianze na mzigo. Kikomo ni kilo 20 za mzigo wa msafara, na mizani ipo getini. Vitu vyako mwenyewe huja juu ya hizo, kwa hiyo beba vichache. Safari yangu ya pili, njia ya Machame, mizani ilisoma sawasawa kabisa. Tulipoingia msituni tu, msimamizi mmoja akanijia na trei za mayai na mfuko wa viazi: "Shika na hivi, si vizito." Nikashika. Kambini shingo ilikuwa haigeuki, na yeye alikuwa ameshasahau. Siku hizi ningemwita kiongozi wa msafara hapo hapo, kwa adabu, geti likiwa bado karibu. Ukishafika kambi ya Shira hakuna wa kugawana naye. Kila mtu ana wake.

Ngata usitegemee ya kuazima. Chukua kitambaa kizito, kisokote vizuri, kiwe chako. Wengine hupenda kubeba begi lao mgongoni na la mgeni kichwani, wengine huweka yote begani kwa zamu. Utajua mwenyewe mwili wako unataka nini. Ila kwenye ukuta wa Barranco acha madaha. Pale miamba inataka mikono, njia ni nyembamba, na kuna mahali unapita ukiwa umelikumbatia jiwe huku nyuma kuna bonde. Funga mzigo usicheze, bakiza mkono mmoja huru, na kama kuna mgeni mbele yako amekwama, msubiri. Kumpita kwa upande wa bonde ili uwahi kambi ya Karanga ni upuuzi ambao nimeuona zaidi ya mara moja.

Sasa mavazi, na hapa nisikilize vizuri. Mimi nilipanda mara ya kwanza na suruali ya jinsi na raba za mtumba. Msitu wa siku ya kwanza ndio unaonyeshewa mvua kuliko sehemu zote za mlima, na jinsi ikishalowa haikauki tena mpaka urudi nyumbani. Hesabu ni rahisi: kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi kama 6 hivi. Geti la Machame liko karibu mita 1,800, kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, imepita 4,600. Umepoteza nyuzi kama 17 mchana kweupe, usiku bado haujaingia. Kwa hiyo uwe na nguo kavu za kulalia, suruali, sweta, soksi na kofia, zifungwe kwenye mfuko mzito usiopitisha maji, na usitembee nazo hata siku moja. Asubuhi unarudi kwenye zile mbichi. Ni mateso ya dakika kumi, ukianza kupanda mwili unapata moto. Anayevaa zile kavu asubuhi ili ajisikie vizuri, usiku ndiye anayelala hana kitu. Rambo usije nayo. Imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Usiku wa baridi una mtego mwingine. Utatamani kulala kwenye hema la jikoni na jiko likiwaka. Kataa. Jiko ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haimwamshi.

Halafu kichwa. Kuna uongo unaozunguka kwamba sisi tuliozaliwa chini ya mlima haututishi, maradhi ya mwinuko ni ya wazungu. Huyo aliyezaliwa Machame au Marangu hakuzaliwa mita 4,000. Tena angalia ratiba: siku ya Lava Tower, ule mwamba mrefu kama mnara, wageni hupandishwa hadi mita kama 4,600 kisha hushushwa kulala Barranco, chini ya 4,000, ili miili yao izoee. Sisi mara nyingi tunakata njia ya chini moja kwa moja ili mahema yawe tayari. Kisha tunatua Barafu kabla yao, na kazi ya maji inatungoja, maana Barafu haina maji, yanabebwa kutoka Karanga.

Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida: kunywa maji, kula hata uji, mwambie mwenzako. Kama unakohoa na pumzi haikutoshi hata ukiwa umekaa, au unayumba kama mlevi ilhali hujagusa mbege, hiyo si uchovu tena. Jipime: tembea mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Ukishindwa, mwite kiongozi hata kama ni saa nane usiku. Dawa yake ni kushuka, na kushuka na mtu. Vidonge vya maumivu vitakunyamazisha kichwa tu huku ugonjwa ukiendelea.

Kileleni huenda usifike, nakuambia mapema usije ukavunjika moyo. Wengi wetu hubaki Barafu wakati wageni wanaondoka usiku kuelekea Stella, ukingoni mwa kreta, na kilele cha Uhuru. Lala. Wakirudi wamechoka, wewe ndiye utakayebeba kila kitu kushuka hadi Mweka, na magoti huumia kwenye kushuka kuliko kupanda.

Bakshishi iulizie mwanzoni, mbele ya wenzako: itatangazwa wapi, na nani, mgao wa mgumu ni upi. Kuuliza siku ya mwisho, watu wakiwa tayari wanapanda gari, nimejaribu. Ukifika nyumbani, viatu usivianike karibu na moto, gundi ya soli inaachia. Vijaze magazeti, badilisha yakilowa, na uviache kivulini.