Uliza Fundi: Chati inasema mvuke mkavu, bomba linatoa maji

BARUA: Assalamu alaykum Maalim, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo, mwenyeji wa Chake Chake. Nipo mazoezini katika kiwanda kinachokeneka mafuta ya makonyo ya karafuu. Mkuu wetu wa zamu amenipa chati ya mvuke, ile yenye entalpi (joto lililomo katika kila kilo) kwenye mhimili uliosimama na entropi (kipimo cha namna joto hilo lilivyotawanyika) kwenye mhimili uliolala, akaniambia nimwoneshe mvuke wetu uko wapi. Geji ya presha ya boila inasoma baa 6, kipimajoto cha bomba kinasoma nyuzi 165. Nimefuata mstari wa baa 6 hadi ulipokutana na ule wa nyuzi 165, nikapata nukta upande wa juu wa mstari mnene, ule unaotenga mvuke mkavu na mvuke wenye maji, kama kilojuli 2,770 kwa kilo. Maana yake mvuke wetu ni mkavu na umepashwa zaidi ya nyuzi unazochemkia. Lakini kila tukifungua vali ya kutolea maji karibu na pipa la makonyo, maji yanatoka. Nimwamini nani, chati au bomba? Na maji ya nyuzi 30 tunayolisha boila yako wapi kwenye chati hii? Nimeyatafuta jioni nzima.

JAWABU: Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Liamini bomba. Chati nayo haina kosa, ila umeiuliza kwa namba isiyokuwa yake.

Tuanze na geji. Geji inahesabu kuanzia hewa tunayoivuta. Mshale wake ukilala kwenye sufuri, ndani ya boila mna baa 1 tayari, ileile inayotukalia vichwani hapa kisiwani mchana na usiku. Chati haiijui hewa ya Pemba wala ya kwengine. Inahesabu kuanzia kwenye utupu kabisa. Kwa hiyo 6 yako ya geji ni 7 ya chati. Mimi nilikuwa nikiandika kwa chaki kwenye bati la ukuta, chini ya kila geji: ongeza moja. Ukikutana na geji kongwe za ratili kwa inchi ya mraba, ongeza 14.7 kwanza, ndipo ugeuze kuwa baa.

Sasa rudi kwenye chati na baa 7. Kwa presha hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 165. Kipimajoto chako kimesema kweli. Mvuke wako haujapashwa zaidi hata chembe; upo palepale unapochemkia, na mvuke ulio hapo unaweza kuwa mkavu kabisa au ukawa umechanganyika na maji. Ile nukta yako ya 2,770 ilizaliwa na baa moja iliyosahauliwa, kwa sababu kwa baa 6 kamili maji huchemka kwenye nyuzi 159 hivi, ndiyo maana 165 ikaonekana kama joto la ziada.

Umesahihisha presha, umefurahi, unataka kuweka nukta mpya, na hapo ndipo vijana wengi wanaponasa. Nataka nikae hapa kidogo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Makangale. Mwamba wake wa changu aliujua kwa alama za nchi kavu: anakwenda mpaka mnara wa taa wa Kigomasha ulingane na mbuyu fulani ulio nyuma yake, halafu anafuata mstari huohuo mpaka kilima cha upande wa pili kilingane na minazi mitatu. Hapo anatia nanga. Siku moja, nami nikiwa mtoto wa skuli, nilimwambia kwamba kilima na minazi si lazima, kwani mnara na mbuyu ni alama mbili tayari. Akaniambia, "Hizo zimesimama njia moja. Utakwenda nazo mpaka Mombasa na mwamba usiuone."

Chini ya ule mstari mnene wa chati, presha na joto ni mnara na mbuyu. Ukisema baa 7 umeshasema nyuzi 165, na ukisema nyuzi 165 umeshasema baa 7. Ni mstari mmoja wenye majina mawili. Kwenye mstari huo mvuke wako unaweza kuwa popote, kuanzia maji matupu yenye kilojuli 697 hadi mvuke mkavu wenye 2,764. Juu ya mstari mnene mambo hubadilika: joto linaachana na presha, mistari inakatana, na hapo ndipo viwili hivyo vinapotosha kukupa nukta. Utaona pia kwamba mstari wa presha umenyooka kama uzi chini ya mstari mnene, na ukishavuka unaanza kupinda kwenda juu. Mwinamo wake ni joto lenyewe likihesabiwa kuanzia sufuri kamili, ile baridi isiyo na chini yake. Maji yakiwa bado yanageuka mvuke joto halibadiliki, basi na mwinamo haubadiliki. Huo ni uzuri ambao mpaka leo nikiufunua ule ukurasa naupitisha kidole.

Kwa hiyo unahitaji alama ya tatu, nayo ni ukavu: katika kila kilo, sehemu gani ni mvuke na sehemu gani ni maji. Kwenye chati ni ile mistari myembamba iliyoandikwa 0.98, 0.96, 0.94 ikishuka. Geji haipimi ukavu wala kipimajoto cha bomba hakiupimi. Lakini ipo njia.

Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi ujanani kilikuwa na bomba la mvuke la hatua arubaini, limepita uwanjani wazi bila ya kufunikwa na kitu. Masika yakiingia, mafuta yalichelewa kutoka, na kila siku amri ilikuwa moja, ongeza kuni. Fundi mkuu wetu hakubishana. Siku boila ilipozimwa na bomba limepoa, tulifunga kwenye ncha yake kijibomba chenye tundu jembamba, mbele yake kikopo kipana cha chuma tulichokizungushia magunia, ndani kipimajoto, mdomo wazi. Kesho yake boila ilipowashwa, mvuke ulipenya kwenye tundu ukilia. Pale mdomoni, kiasi cha upana wa kiganja, palikuwa patupu, hapaonekani kitu chochote, kisha ndiyo likaanza wingu. Pale pasipoonekana kitu ndipo penye mvuke mkavu; lile wingu ni matone. Tukangoja mpaka kipimajoto kikatulia kwenye nyuzi 110.

Mvuke ukipita kwenye tundu jembamba namna hiyo, haufanyi kazi yoyote, na magunia yanauzuia kupoteza joto. Presha inaanguka lakini entalpi inabaki ileile, na kwenye chati yako entalpi ileile ni mstari uliolala. Basi tafuta mahali baa 1 inapokutana na nyuzi 110, juu ya mstari mnene. Utasoma 2,696 hivi. Weka rula ilale sawasawa hapo, uvute penseli kwenda kushoto mpaka ugonge mstari wa baa 7. Utajikuta chini ya mstari mnene, baina ya 0.96 na 0.98. Ukitaka uhakika kwa jedwali, toa 697 kwenye 2,696, ugawe kwa 2,066 ambayo ni joto la kugeuza maji kuwa mvuke kwa baa 7. Utapata 0.968.

Katika kila kilo 100 zilizofika kwenye pipa letu, kilo 3 zilikuwa maji tayari, na maji hayabebi mafuta, yanalowesha makonyo ya chini tu. Tulivisha bomba lile, tukaweka na mitego ya maji, na kuni zikapungua. Nawe fanya kipimo hiki pamoja na mkuu wako wa zamu, usikifanye peke yako, wala usiguse bomba lenye presha. Ujue na mpaka wake: kwa baa 7, ukavu ukiwa chini ya 0.96 hivi, kipimajoto kitasimama kwenye 100 na hakitapanda, kwa sababu hata baada ya tundu mvuke bado una maji. Hapo umejua tu kwamba hali ni mbaya zaidi.

Maji yako ya nyuzi 30 hayamo. Chati nyingi zimekatwa chini, kwani zilichorwa kwa ajili ya mvuke. Zidisha 30 kwa 4.2, upate kilojuli 126. Kutoka hapo mpaka 2,764 ndilo joto ambalo kuni zenu zinapaswa kulitia katika kila kilo ya mvuke mkavu.

Chati hii aliibuni Richard Mollier, mwalimu wa Dresden huko Ujerumani, mwaka 1904. Kabla yake wahandisi walikuwa na michoro ambayo joto lilionekana kama eneo, likapimwa kwa taabu. Yeye aliligeuza likawa urefu. Ndiyo maana rula ya mtoto wa skuli inakutosha.

BARUA: Maalim, mimi ni mama lishe wa Mkoani. Juzi nilifunua sufuria la wali, mvuke ukanipiga mkononi, na umeniunguza kuliko maji ya moto yaliyowahi kunimwagikia. Vipi hewa iunguze kuliko maji, na vyote vimetoka sufuria moja?

JAWABU: Pole sana dada yangu. Huo mvuke ulikuwa na deni la joto, ukalilipa mkononi mwako. Kilo ya maji ya nyuzi 100 ikipoa hadi joto la mwili inatoa kilojuli 265 hivi. Kilo ya mvuke wa nyuzi 100 inatoa kwanza 2,257 kwa kugeuka maji tu, kabla haijapoa hata uzi mmoja, halafu ndiyo inatoa zile 265. Ukikusanya ni zaidi ya mara tisa. Yale matone yaliyojaa chini ya kifuniko ni mvuke uliokwisha kulipa deni lake kwenye bati.

Funua sufuria kwa kuinua ukingo wa upande wa mbali nawe, uso na mkono vikiwa pembeni. Na ukiungua, weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala samli. Na bangili zivue mwanzo kabisa, mkono haujavimba.