Kupandisha Debian kwa DVD kumekwama katikati: nifanyeje?

Swali: Habari fundi. Kompyuta yangu ina mfumo endeshi wa Debian 11. Intaneti yangu ni ya kusuasua, kwa hiyo nilipakua faili la ISO la DVD ya kwanza ya Debian 12 kidogo kidogo, nikalichoma kwenye DVD, nikaisajili diski kwa `apt-cdrom add`, nikabadilisha jina la toleo kutoka bullseye (Debian 11) kuwa bookworm (Debian 12), kisha nikaanza `apt full-upgrade`. Ilikwenda vizuri, lakini katikati ikasimama na kuandika "lzma error: compressed data is corrupt". Nikirudia, inagoma kwenye kifurushi kilekile. Diski inanguruma, halafu kimya. Naogopa kuizima kompyuta. Je, nifute kila kitu nisakinishe upya?

Jibu: Usifute kitu. Na kweli, usiizime.

Kwa sasa mashine yako ni nusu Debian 11, nusu Debian 12. Inaendelea kufanya kazi kwa sababu kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani na programu zilizokwisha kufunguliwa bado zimo kwenye kumbukumbu. Ukiiwasha upya kabla vifurushi havijasanidiwa, inaweza kukuta kerneli mpya haina initrd yake (faili la kuanzishia mfumo), au programu za toleo moja zinadai maktaba za toleo jingine. Iache iwake. Kama ni kompyuta mpakato, ichomeke kwenye umeme na uizuie isilale.

Ujumbe ulioupata hauna uhusiano na mipangilio yako. Vifurushi vya Debian hubanwa kwa xz, na dpkg, programu inayovisakinisha, ilipotaka kufungua hicho kimoja ilikuta data iliyoharibika. Kinachobaki ni kujua imeharibikia wapi: kwenye faili ulilopakua, kwenye diski, au kwenye kiendeshi kinachoisoma. Watu wengi hukimbilia kuchoma diski nyingine kabla ya kujibu hilo, wakapata diski mbili mbovu badala ya moja.

Anza na faili. Pakua SHA256SUMS ya toleo lilelile (ni faili dogo sana lenye alama ya kila ISO, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo; hata intaneti yako italimudu), uliweke folda moja na ISO, kisha:

`sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS`

Jibu likiwa OK, faili ni zima. Likikataa, endesha `sha256sum` ikifuatiwa na jina la ISO mara kadhaa, ili uione alama yenyewe. Ukipata alama ileile mbovu kila mara, upakuaji ndio uliokosea. Lakini alama ikibadilika kila unapopima faili lilelile, shuku RAM, na kabla ya yote hifadhi data zako kwenye diski ya nje.

Sasa DVD yenyewe. Itoe, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, irudishe, kisha uisome yote:

`dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=$(($(stat -c %s debian.iso)/2048)) | sha256sum`

Weka jina halisi la ISO yako mahali pa debian.iso. Alama itakayotoka ilingane na ya ISO. Hiyo hesabu ya count usiiruke. Sekta moja ya data kwenye diski hizi ni baiti 2048, na kichomaji mara nyingine huongeza sekta za kujazia mwishoni. Ukisoma mpaka mwisho wa diski badala ya mwisho wa ISO, unaweza kupata alama tofauti, au hata kosa la kusoma, ilhali diski haina tatizo. Nimeona diski nzuri zikitupwa kwa sababu hiyo tu.

Wakati dd inasoma, fungua terminali ya pili na, kama root (msimamizi mkuu wa mfumo), utazame `dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Mistari yenye "I/O error, dev sr0" pamoja na namba ya sekta inamaanisha kiendeshi kimeshindwa kusoma mahali hapo. Kwa jinsi ulivyoieleza ngurumo ile, nadhani utaiona. Ijaribu diski hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine: ikisomeka huko na alama ikalingana, kiendeshi chako ndicho kilichochoka au lenzi yake ina vumbi. Isiposomeka kokote, ilichomwa vibaya, na mara nyingi chanzo ni kasi kubwa ya kuchoma au diski tupu ya ubora hafifu.

Lakini kama ISO ni nzima na bado unayo, DVD huihitaji tena. Kwenye mashine hiyohiyo, kama root, unganisha faili moja kwa moja kama diski:

`mkdir -p /mnt/iso`
`mount -o loop,ro debian.iso /mnt/iso`

Fungua /etc/apt/sources.list, weka # mbele ya mstari unaoanza na `deb cdrom:`, kisha ongeza:

`deb [trusted=yes] file:/mnt/iso bookworm main contrib non-free-firmware`

Neno trusted=yes linaiambia apt isidai saini, ambayo kwa kawaida hutaipata ndani ya picha hizi za DVD. Ndiyo maana nilisisitiza upime alama kwanza. Bila kipimo hicho usiliandike. Hilo non-free-firmware nalo ni sehemu mpya iliyoanza na Debian 12, ambamo firmware (programu za ndani ya vifaa) za kadi za Wi-Fi na nyinginezo zimehamishiwa.

Baada ya hapo, kama root:

`apt update`
`dpkg --configure -a`
`apt -f install`
`apt full-upgrade`

Amri ya pili ikilalamika kuhusu kifurushi kilekile kilichokwama, nenda ya tatu, kisha uirudie. Kwenye ya nne, usibonyeze Y kwa mazoea. Soma orodha ya vifurushi vitakavyoondolewa. DVD ya kwanza haina vifurushi vyote vya Debian, kwa hiyo apt inaweza kupendekeza kuondoa programu unayoitumia kwa kuwa tu toleo lake jipya halimo. Ukiona mazingira yako ya eneokazi kwenye orodha hiyo, jibu n, kamilisha kwa `apt upgrade` kwanza, na kilichobaki ukivute kwenye mtandao.

Umeme ukikatika kabla hujamaliza na mashine ikakataa kuwaka, washa kwa DVD hiyohiyo, ingia Advanced options, chagua Rescue mode na ufungue shell ndani ya mfumo wako. Sehemu hiyo ya diski ni ndogo, na yawezekana kabisa inasomeka hata kama kwingine kumeharibika. Amri ni zilezile.

Kabla ya kuwasha upya, `dpkg --audit` isiseme chochote, na ndani ya /boot uone vmlinuz (faili la kerneli) na initrd.img za 6.1, kerneli ya Debian 12. Initrd ikikosekana, itengeneze kwa `update-initramfs -c -k` ikifuatiwa na jina kamili la toleo, halafu `update-grub`. Mashine ikishawaka, `uname -r` itoe 6.1; ikitoa 5.10 bado uko kwenye kerneli ya Debian 11. Ongeza pia mstari wa bookworm-security kutoka security.debian.org, kwa maana marekebisho ya usalama yaliyotoka baada ya ISO kutengenezwa hayamo kwenye DVD hiyo.