PCOS na kipimo cha testosteroni kinachosoma kawaida: yaliyonikuta mimi

Mleta uzi, pole mwaya. Umesema hedhi imepotea miezi minne, ndevu zinaota kidevuni, altrasaundi imeandika PCOS (tatizo la homoni linalovuruga ovari, yaani vifuko vya mayai, na hedhi) lakini testosteroni, ile homoni ya kiume, imesoma kawaida. Wifi yako anakwambia unageuka dume, na kuna mtu anataka kukuuzia chupa ya kusafisha kizazi. Mimi si daktari, ni fundi cherehani hapa Tandika, ila nina hii kitu tangu 2016 na nimewasumbua madaktari kwa maswali mpaka nikaelewa.

Hugeuki dume. Kila mwanamke ana testosteroni, na bila homoni za kiume hata estrojeni, homoni ya kike, usingekuwa nayo, maana inatengenezwa kutokana na hizo hizo. Dokta mmoja aliponiona nimeduwaa aliniuliza nafanya kazi gani, kisha akanieleza kwa lugha ya cherehani. Kila kifuko cha yai kina mafundi wawili. Wa nje, seli za theka, ndiye mkataji: anachukua kolesteroli, anaikata hatua kwa hatua mpaka inakuwa androstenedioni na testosteroni. Wa ndani, seli za granulosa, anapokea vile vipande anashona estrojeni. Mkataji anasukumwa na homoni ya LH, mshonaji na FSH, zote zinatoka kwenye kitezi kilicho chini ya ubongo.

Wengi wetu LH inakuwa juu. Mkataji hapumziki, mshonaji kazidiwa, vipande vinamwagika hadi barazani: ndevu, chunusi, nywele za utosini kupukutika. Na usijilaumu kwamba ni chipsi tu. Seli hizo za theka zimewahi kuoteshwa maabara, nje kabisa ya mwili, na bado zikatengeneza homoni ya kiume kupita kiasi. Wembamba nao wanayo.

Vile "vivimbe" vya kwenye altrasaundi ni vifuko vya mayai vilivyokwama njiani. Si uvimbe wa kupasuliwa, na chupa haiwezi kuvisafisha. Tatizo ni kwamba yai lisipotoka, projesteroni, homoni inayotuliza ukuta wa mfuko wa uzazi, haitengenezwi, na ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa bila kubomoka. Mimi nilikaa miezi mitano kavu, halafu nikatoka damu siku kumi na saba, nashona huku nimekalia kanga iliyokunjwa mara nne. Hiyo miezi minne yako usiichukulie poa. Ukuta ukiachwa hivyo kwa miaka, hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi inapanda. Mimi nilipewa vidonge vya projesteroni ili damu ishuke.

Sasa kipimo chako. Hapa anaingia insulini, homoni ya kudhibiti sukari, na ndiye nilikuwa simjui. Misuli ikiwa haimsikii vizuri, kongosho inamwaga insulini zaidi. Kumbe ovari inaisikia sana tu! Inashirikiana na LH kumchochea mkataji, halafu inalifanya ini lipunguze ile protini inayofunga testosteroni kwenye damu. Kwa hiyo testosteroni ya jumla inaweza kusoma kawaida huku ile iliyo huru, ndiyo inayofanya kazi mwilini, imejaa. Mimi 2016 nilirudishwa nyumbani na vitamini, naambiwa "punguza mawazo". Hakuna aliyeangalia shingo yangu. Ilikuwa nyeusi kama nimejifunga utepe, mama akidhani ni uchafu, nami naisugua kwa dodoki na limau mpaka inawaka. Kumbe ngozi ya namna hiyo mara nyingi ni alama ya insulini kuwa juu.

Ukirudi, waombe testosteroni huru au hiyo protini, sukari, prolaktini (homoni ya maziwa) na tezi ya shingo. Waambie pia wapime homoni iitwayo 17-hidroksiprojesteroni, asubuhi, kwa sababu kuna ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo unaofanana sana na huu. Ujauzito watapima kwanza, usikasirike.

Mimi nilianzishwa metfomini, dawa ya kuufanya mwili umsikie insulini. Wiki za mwanzo tumbo liliniendesha mbio, nikapunguziwa dozi, likatulia. Usijinunulie duka la dawa. Ukipewa vidonge vya uzazi wa mpango usikimbie, vinashusha LH na kuongeza ile protini ya ini. Ila kama unatafuta mtoto sema mapema, wana dawa iitwayo letrozole, inayobana kwa muda utengenezaji wa estrojeni ili ubongo uongeze FSH na yai likue. Chai ya sukari vijiko vitatu niliiacha kwa machozi, na jioni natembea badala ya kupanda bajaji. Uzito ulipungua kidogo tu, hedhi ikaanza kuonekana.

Ndevu ndizo za mwisho kusikia dawa, hesabu miezi sita au zaidi. Na huyo wifi anayesema ukinyoa zitaongezeka, si kweli. Mimi nanyoa kila Jumamosi asubuhi kabla sijafungua fremu.