Re: Bega lilichomoka, narudije kwenye yoga?

Pole sana dada. Miezi mitatu tangu uanguke na bodaboda, bega likachomoka na kurudishwa: kama mtu wa fiziotherapia ameshakuruhusu, rudi, ila usianzie pale ulipoishia. Mimi nilirudi kwa pupa, wiki ya pili nikashindwa hata kushika bomba la daladala pale Mwenge.

Kikombe cha bega, pale kichwa cha mfupa wa mkono kinapokaa, hakina kina kirefu, kazi kubwa ya kulishikilia inafanywa na misuli minne midogo. Hiyo ndiyo ya kuijenga. Anza ukutani: viganja usawa wa kifua, kunja viwiko taratibu, jisukume urudi, mabega yasipande masikioni. Ukizoea hamia kwenye ukingo wa meza nzito, halafu sakafuni kwa magoti. Ile ya kujishusha kama pushapu iache kwanza, hata mwalimu akikutolea macho. Na mkono usiupeleke juu na nyuma kwa pamoja, bega hupenda kutokea huko.

Kuhisi bega likivuta kidogo ni kawaida. Maumivu yakikuamsha usiku, au vidole vikifa ganzi, acha, rudi hospitali.

Kwani ulichomoka mkono unaoandikia?