Gitaa bila mwalimu: barua nane na majibu yake

Mwezi uliopita nilisema hapa kwamba anayejifunza gitaa peke yake huukodolea macho mkono wa kushoto, kumbe ugonjwa uko mkono wa kulia. Baadhi yenu mmenishambulia, wengi mmeacha ubishi mkauliza mambo yenu. Nimechagua barua nane. Tuelewane kwanza: kodi ninazozitaja ni noti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Zile nyingine muwaulize URA, watoza kodi wa serikali.

Nina miaka 44, nafundisha shule ya msingi hapa Mbale. Wanangu wananicheka kila nikishika gitaa. Nimechelewa?

Hujachelewa, mwalimu. Ungetaka kupiga solo kwenye bendi ningekuuliza una saa ngapi kwa siku. Kuisindikiza sauti yako mwenyewe ni kazi nyingine, na Uganda tuna muziki mzima uliosimama juu ya hilo: kadongo kamu, yaani kwa Kiganda kigitaa kimoja tu. Mtu mmoja, gitaa moja kavu lisilo la umeme, kisa kirefu. Wasikilize kina Christopher Ssebadduka na Paul Kafeero, utasikia gitaa likimsubiri msimulizi amalize neno lake. Dakika ishirini kila siku zinazishinda saa tatu za Jumapili. Wanao wataacha kucheka siku utakayopiga wimbo wanaoujua.

Mzee, vidole vya mkono wa kushoto vinawaka moto baada ya dakika kumi. Nimezoea shida, lakini hii ni ya aina yake. Nivumilie au nipumzike? – Afande, Bombo

Fanya yote mawili, afande. Ncha za vidole huota sugu baada ya wiki mbili hadi nne hivi. Piga dakika kumi, weka chini, rudi jioni. Usipige ukitoka kuoga au kufua, maana ngozi iliyolowa hukatika upesi.

Ila kabla ya kujilaumu, likague gitaa lenyewe. Gitaa langu la kwanza nililinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba ni zima. Nyuzi zilikaa mbali na shingo kama kamba ya kuanikia nguo, na kwa miezi mitatu niliamini kuwa mimi ni mvivu. Angalia freti ya 12; freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni. Kati ya uzi na chuma pawe na milimita mbili, tatu zikizidi sana. Pakiwa zaidi ya hapo, mpelekee fundi ashushe nyuzi.

Kisha tazama unapobonyeza. Kidole kikae nyuma tu ya chuma, karibu kukigusa. Ukibonyeza katikati ya vyuma viwili utatumia nguvu maradufu na sauti itakwaruza. Nyuzi nazo zina unene. Seti inayoanzia 12 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi) ni ngumu kwa anayeanza, dai ya 10 au 11. Na kama gitaa lako ni la nyuzi za nailoni, usikubali muuzaji akufungie za chuma: zinavuta kwa nguvu kubwa mno, zinaweza kung'oa kipande zilikofungwa tumboni mwa gitaa. Maumivu ya ngozi hayana neno. Kiganja kikianza kufa ganzi, acha siku kadhaa.

Usiku gitaa lilikuwa tamu, asubuhi linalia kama mlango mbovu. Kwenye simu nina programu ya kutyuni, lakini umeme ukikatika na simu ikazima nimekwama. – Mwanafunzi, Mbarara

Gitaa ni mbao, dada, na mbao husikia hali ya hewa. Ukiliacha chini ya bati mchana na baridi ya Mbarara ikalikuta usiku, nyuzi lazima zihame. Lisikae dirishani, wala ndani ya gari juani. Nyuzi mpya nazo huhama siku chache za mwanzo kwa sababu bado zinanyooka.

Sasa jizoeze kuishi bila simu. Nyuzi sita, kuanzia nene kwenda nyembamba, ni E, A, D, G, B, E. Wanafunzi wangu huzikariri kwa chakula: Embe, Asali, Dengu, Giligilani, Bamia, Embe. Ukishapata uzi mmoja sahihi, iwe kwa kinanda cha kanisani au kwa filimbi, mingine mitano utaipata kwa sikio. Bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti ya tano: sauti hiyo ndiyo uzi unaofuata unatakiwa kuitoa ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa. Uzi wa A freti ya tano unakupa D. Wa D freti ya tano unakupa G. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu uzi wa G unabonyezwa freti ya nne, si ya tano, ndipo utoe B. Ukishika B, rudi kwenye freti ya tano upate E nyembamba.

Sauti mbili zikikaribiana bila kukutana, utasikia kitu kama wimbi: wuu-wuu-wuu. Kadiri unavyokaribia, wimbi linapungua kasi, na likitulia kabisa umefika. Ukipitiliza, legeza uzi mpaka chini ya shabaha halafu kaza kupanda. Uzi uliofikishwa kwa kulegezwa huteleza tena muda si mrefu.

Ukihangaika wiki nzima na bado kodi zako zinachafuka upande wa shingo ulio karibu na tumbo, fanya jaribio moja. Piga uzi wazi, kisha ubonyeze freti ya 12, ambayo ni nusu kamili ya urefu wake. Sauti iwe ileile, oktavu moja juu, yaani noti yenye jina lilelile lakini nyembamba zaidi. Isipooana, gitaa ndilo lenye kasoro na masikio yako ni mazima.

Napiga kwaya Jinja. Kodi ya F imenishinda miezi miwili. Kila wimbo una F! – Kijana wa kwaya

Si kila wimbo una F, ndugu yangu. Nyimbo zina F kwa sababu mtu alikufundisha kuanzia ufunguo wa C, yaani C ndiyo noti ambayo wimbo unarudi kutulia. Nyimbo nyingi za kanisani na za kadongo kamu zinasimama kwa kodi tatu: ya kwanza, ya nne na ya tano ya ufunguo. Katika C hizo ni C, F na G. Katika G ni G, C na D. Katika D ni D, G na A. Katika A ni A, D na E. Unaona F ilivyokwenda zake? Anza na Em (E ya minor), ambayo inataka vidole viwili tu, kisha G, kisha D, na C mwisho.

Mwimbaji akilalamika kwamba G iko chini sana, tumia kapo, ile koleo ndogo inayobana nyuzi zote shingoni. Kila freti unayopanda ni nusu toni, hatua ndogo kabisa ya gitaa. Akitaka Bb (B flati, nusu toni chini ya B), bana freti ya tatu, piga maumbo yako yaleyale ya G. Huna kapo? Penseli na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwa nguvu hufanya kazi. Haipendezi machoni, lakini hakuna anayeitazama.

Na hapa narudia lililonigombanisha na watu. Kijana anapobadilisha kodi, husimamisha mkono wa kulia usubiri vidole vya kushoto vijipange. Wimbo unakatika vipande. Waumini watakusamehe kodi isiyolia vizuri, lakini hawawezi kupiga makofi kwa mdundo unaosimama na kuanza kama matatu kwenye foleni ya Jinja Road. Mkono wa kulia uendelee kushuka na kupanda hata kama wa kushoto haujafika. Hata ukigonga nyuzi zisizobonyezwa, endelea. Wiki ya kwanza itasikika vibaya. Ya tatu, wa kushoto utaanza kumkimbilia mwenzake kwa aibu.

F yenyewe, inayotaka kidole kimoja kibane nyuzi zote sita, utaifanya baadaye. Kwa sasa bonyeza nyuzi nne nyembamba tu na usiziguse mbili nene.

Mimi ni mpigaji wa adungu, kinubi chetu, kutoka Nebbi. Rafiki ameniachia gitaa. Nianze upya kabisa? – Mualuri

Barua hii imenifurahisha kuliko zote. Usianze upya, bwana. Wewe tayari una kile ambacho wenzako wanakitafuta. Kwenye adungu kila uzi una sauti yake moja, na mikono yote miwili inadonoa, kila mmoja na kazi yake. Mtu wa gitaa hukaa mwaka mzima akijaribu kukifanya kidole gumba kiwe na akili tofauti na kidole cha shahada. Wewe umelizoea hilo tangu utotoni.

Kitu kigeni kwako ni kwamba uzi mmoja wa gitaa unabeba noti nyingi, kwa hiyo mkono wa kushoto ndio mwanafunzi wako. Ukubali uwe mjinga kwa muda. Kidole gumba cha kulia kipewe nyuzi tatu nene, kifanye kazi ya lile adungu kubwa la besi. Kidole cha shahada kipewe tatu nyembamba. Kwa vidole hivyo viwili tu Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, Kongo, alipiga muziki ambao mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1952, akiimba Kiswahili cha huko kwao, na hadi leo wacharazaji hukaa chini kuuchambua. Tafuta rekodi zake. Shika C au G, usiibadilishe, uache vidole viwili vizungumze robo saa. Nadhani utacheka.

Pleki, kile kipande cha kudonolea nyuzi, achana nayo kwanza.

Binti yangu anatumia mkono wa kushoto. Nimgeuzie gitaa? – Mama, Masindi

Mpe alishike bila kumwelekeza. Akiligeuza mwenyewe, basi mpelekee fundi abadilishe mpangilio wa nyuzi pamoja na kile kipande chenye mifereji kichwani, kwa sababu mifereji ya nyuzi nene na nyembamba hailingani. Jimi Hendrix alipiga gitaa la mkono wa kulia likiwa limegeuzwa na kufungwa nyuzi upya. Asipoligeuza, mwache. Na wale wazee wanaosema mkono wa kushoto si adabu, mama, wasiingie kwenye chumba cha mazoezi.

Nachomelea vyuma Katwe. Mashine ilinikata ncha ya kidole cha pete, mkono wa kushoto. Niuze gitaa?

Pole sana, fundi. Usiuze. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Black Sabbath, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bati kule Birmingham. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono anaobonyezea. Alikata tamaa mpaka bosi wake alipompelekea sahani ya muziki ya mpiga gitaa Django Reinhardt, aliyeungua mkono kwenye moto wa mwaka 1928 akabaki akipiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, akafunga nyuzi nyembamba zaidi. Wewe una karakana nzima, kofia ya kidole haikushindi. Kwanza kidonda kipone kabisa, na daktari aseme kimepona. Wakati unasubiri, Em inapigwa kwa shahada na kidole cha kati. Nyimbo za Em peke yake zipo, hata kama ni za kujitungia.

Nakaa muzigo, chumba cha kupanga, Namuwongo, ukuta mmoja na mama mwenye mtoto mchanga. Natoka kazini saa nne usiku. Nifanye mazoezi lini?

Saa nne na nusu. Chukua soksi, ikunje, ipitishe chini ya nyuzi upande wa tumboni, karibu kabisa na zilikofungwa. Noti zitakufa, utabaki na mdundo mtupu. Wa kushoto hautakuwa na la kujivunia, wa kulia utafanya kazi peke yake. Mama akisikia chochote kitakuwa tak-tak-tak, kama mtu anayekatakata sukuma wiki usiku wa manane. Akikuuliza, hapo utajua mwenyewe la kumwambia.