Mazoezi ya nguvu kwa jerikeni na kamba
Ndugu yangu wa Ntinda, Kampala, nimekuelewa: una jerikeni moja la lita 20 na kamba ya kuruka, na mazoezi yale yale yamekuchosha. Jerikeni likijaa maji hufikia kilo 20 na ushei, nawe waweza kupunguza uzito kwa kumwaga. Likiwa nusu, maji hucheza ndani na kuulazimisha mwili kujiweka sawa, faida ambayo mimi naithamini kuliko vyuma. Jumatatu chuchumaa ukilikumbatia kifuani, ukishuka polepole kwa sekunde 4. Jumatano inama ulivute kutoka chini kuelekea kiunoni, kisha upige pushapu. Ijumaa ruka kamba sekunde 30, pumzika 30. Kaza kifuniko, maana sakafu yenye maji huangusha. Ukisikia maumivu ya kifua, au ganzi inayoshuka mguuni, acha mara moja umwone daktari.